Nyundo ya Dalali wa Mawe

Hadi leo nikimsikia mtu akisema jiwe la kweli halivunjiki kwa nyundo, damu hunichemka. Kuvunja hata mjinga anaweza. Kupima ni kazi nyingine.

Baba alichimba vito kule Taita miaka mingi, akarudi kwetu Kola na kifua kibovu na jiwe moja la kijani, dogo kama punje ya mbaazi. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni alipofariki. Siku ya matanga, baba mkubwa alisema mbele ya watu kwamba ndugu yake amemwachia mjane kipande cha chupa. Watu wakacheka. Matangani! Neno hilo lilimkaa mama rohoni.

Ndipo tukaenda naye Machakos mjini, kwa dalali mmoja nyuma ya soko. Mama hakutaka kuuza. Alitaka kujua tu. Dalali hakushika hata lenzi. "Mama, kama ni ya ukweli haiwezi vunjika," akasema, akaliweka juu ya chuma, akaligonga. Likapasuka. "Si umeona? Hii ni glasi."

Kisha akapiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja na kuvifunga kwenye karatasi, eti akavitupe visije vikamkata mtu mguu. Mwizi mkubwa! Nani huokota takataka kwa uangalifu hivyo? Nami, msichana mzima niliyemaliza shule, nikasimama pale kama bubu. Hilo bado sijajisamehe.

Kipande kimoja kilikuwa kimerukia ndani ya kiondo cha mama. Alikikuta jioni, akakifunga kwenye kitambaa.

Baadaye nilipata kazi kwa mkata vito Nairobi, nikajifunza kwamba kito kigumu huvunjika kwa nyundo lakini hakikwaruziki kwa tupa. Likizo yangu ya kwanza nilirudi na lenzi na tupa. Nilichungulia kile kipande: hakuna hata kiputo kimoja cha hewa, vile vya mviringo vinavyopatikana kwenye glasi. Nikakwaruza chupa ya soda kwa ncha ya tupa, ikachorwa. Nikakwaruza kipande cha baba. Tupa iliteleza, ikaacha weusi wa chuma tu, nikaufuta kwa kidole.

Mama alininyang'anya tupa akajaribu mwenyewe, mara tatu. Nilidhani atalia. Akavaa viatu.

"Beba hiyo chupa pia," akasema. "Tunaenda kwa baba yako mkubwa. Akwaruze yeye mwenyewe. Na majirani waitwe, wale wote walicheka."