Kirungu cha Gia

Baba yangu, Alfani, alikuwa na lori la kuleta mahindi kutoka Kasaji, na alipenda vitu vizuri kupita kiasi. Mwaka 1976 mzungu mmoja aliyekuwa akihama kutoka kwetu Kolwezi alimuuzia Porsche ya mwaka 1973. Mtaa mzima ulibaki mdomo wazi.

Haikupita muda giaboksi ikavunjika, na vipuri hakuna. Kwa fundi Kalombo kulikuwa na Porsche nyingine, ya 1971, iliyopondeka mbele lakini nyuma ilikuwa nzima. Kalombo akatoa giaboksi yake pamoja na klachi, akakata hapa, akachomelea pale, ikakaa. Ila katika gari lile la zamani gia ya kwanza huvutwa nyuma, na ukisukuma mbele unarudi kinyumenyume. Katika jipya, kusukuma mbele ndiko kuondoka.

"Tata Alfani, weka na kirungu ya zamani," Kalombo akasema. "Hii yako iko na muchoro ya giaboksi ingine. Itadanganya batu."

Kirungu cha zamani, kile kichwa cha mkono wa gia, kilikuwa kimechakaa na kupasuka. Baba hakutaka hata kukishika.

"Mutoto wangu anaolewa, mi niweke kitu mubaya vile? Motoka naendesha mi mwenyewe."

Akakisukumia chini ya kiti cha gari. Na kweli, hakukosea hata mara moja.

Lakini kwetu baba hamsindikizi binti. Siku ya harusi aliniaga sebuleni, akabaki ndani. Funguo akapewa Amadi, mjomba wa mume wangu, dereva wa teksi anayejiamini. Nikakaa kando yake. Mama alisimama nyuma ya gari na shangazi zangu wakipiga vigelegele. Watu wazima wote wale, hata mmoja hakukumbuka kumwonya Amadi kuhusu gia. Hadi leo nikiwaza hilo napandwa na hasira.

Amadi alitazama mchoro wa gia juu ya kirungu, akasukuma mbele, akakanyaga mafuta. Gari likaruka nyuma. Nikasikia kishindo cha ukuta, kisha sauti ya mama, sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Mguu wake ulibanwa kati ya gari na ukuta. Amadi alishika gia. Alitaka kwenda mbele lakini hakujua tena mbele ni wapi. Nilimtazama tu.

Baba alikuja mbio, akamtoa Amadi kwa nguvu, akaingia, akavuta gia nyuma. Gari likasogea. Tukamlaza mama kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, juu ya nguo zangu za harusi. Baba ndiye aliyenitoa nyumbani kwetu siku ile, akatupeleka hospitali.

Daktari alipokuja kusema mguu utakatwa, baba hakuwepo. Nilimkuta nje, ndani ya gari, mikono ina damu, akifunga kirungu cha zamani juu ya gia.

"Iko muzuri," akaniambia, akilia. "Nuru, angalia. Iko muzuri."