Pikapu Iliyofiwa

Nikisikia harufu ya vitunguu saumu iliyochanganyika na dizeli na manyoya ya mbuzi aliyelowa, najikuta nimekaa tena nyuma ya pikapu ya baba, nimeshika bomba kwa mikono miwili, vumbi la njia ya Haydom limenijaa menoni. Ilikuwa pikapu ya buluu, au iliwahi kuwa. Kwenye senta yetu ndogo upande wa Tumati, ambako baba, Mrangi wa Kondoa, alikuja kufungua duka, neno pikapu lilikuwa na kazi nyingi kuliko mkamwana mpya. Ukisema pikapu siku ya mnada, umesema lori la mbuzi. Jumapili umesema basi la kwaya, ingawa mwenye gari alikuwa Mwislamu na alikuwa akizijua nyimbo zote. Ikifungwa maua ya karatasi ilikuwa gari la bibi harusi, na mtu akizidiwa ilikuwa gari la wagonjwa. Hata mwanamke aliyebeba kuni, ndoo na mtoto kwa safari moja aliitwa pikapu, naye akaitika. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mizigo ikipanda na ikishuka. Nilihesabu mara mbili, kwa kuwa wateja wetu walikuwa watu waaminifu na sikutaka kuwajaribu.

Msimu ninaoukumbuka ni wa masika, ukungu ulipokuwa ukilala mashambani hadi karibu na mchana. Mzee Gwandu, mkulima wa Kiiraqw mwenye nyumba juu ya barabara, alibanwa na kifua, baba akamkimbiza hospitali ya Haydom. Hakufika. Alikata roho njiani, nyuma ya pikapu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe, Mama Tluway. Baba akageuza gari akamrudisha kwake. Kesho yake akaiosha pikapu kwa sabuni ya unga, akaenda kupakia vitunguu vya watu kama kawaida, na hapo ndipo alipokosea. Hakuna aliyemkatalia kwa maneno. Ni magunia tu yalikuwa hayajashonwa, punda walikuwa hawajarudi, mwenye mali alikuwa ameenda kwa shemeji. Baba, ambaye angeweza kukuuzia kofia uliyovaa, alizunguka nyumba kwa nyumba akarudi na gari tupu.

Ndipo akaja jirani yetu, Mzee Bayo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini kigoda alikisogeza mbali na gari kabla ya kukaa. Akaeleza taratibu kwamba kwao Wairaqw nyumba ikifiwa hutengwa: wenyewe hawashikani mikono na watu, hawachoti maji na wenzao, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa jirani, mpaka wazee waseme imetosha. Jambo hilo huliita metimani. Na pikapu yetu, alisema, imefiwa.

"Gari ni bati na nati, mzee wangu," baba alisema.

"Bati hilo ndilo lililompokea. Sisi tulikuwa mbali."

Baba akaanza kupatana, kwa mazoea. Je, kama itabeba mbuzi tu? Mbolea je? Kama itabeba wageni wasiomjua marehemu? Mzee Bayo alitikisa kichwa kwa kila ofa, bila hasira, kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kulia. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Baba akaifunika turubai nyuma ya duka.

Tangu hapo uani kwetu pakawa na kimya cha namna yake. Upepo ukipita, turubai lilijaa polepole na kushuka, likajaa tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Kuku waliozoea kutaga chini ya gari walihamia jikoni. Siku moja ya mvua, honi ililia yenyewe, mlio mrefu, kisha ikanyamaza. Baba alisema ni waya umelowa. Aliutaja waya huo mara mbili, nami nikajua hajaridhika. Harufu ya ugoro wa Mzee Gwandu haikutoka hata kwa sabuni ya unga. Mama, aliyekuwa mjamzito, alianza kuingia kwa mlango wa mbele tu. Mtoto aliyetangulia alikuwa amemfia tumboni, na muuguzi alikuwa amemwambia safari hii asithubutu kuzalia nyumbani.

Uchungu ukamshika asubuhi ya ukungu mzito, wakati mabasi yalikuwa hayapiti kwa tope. Baba hakumuuliza mtu. Alilivuta turubai, akamweka mama mbele, nami nikapanda nyuma na magodoro, pale pale alipolala Mzee Gwandu. Tulipofika kwenye mlima chini ya nyumba ya marehemu, magurudumu yalizama. Injini ililia, gari likashuka zaidi. Ndani nilimsikia mama akiuma kanga.

Wanaume waliokuwa wakipalilia walitokeza kwenye ukungu, majembe mabegani. Walisimama kando ya barabara, wakatupa pole, wakasimama tu. Nilikuwa nawajua wote. Ghafla sikumjua hata mmoja. Baba alisihi, akataja fedha, akaongeza, akaongeza tena. Sijawahi kuona bei ikipanda hivyo bila muuzaji.

"Kaka, tunakuonea huruma," mmoja alisema. "Lakini kuligusa hilo, hapana."

Kisha mlango ukalia kule juu. Kutoka kwenye ukungu waliteremka watu waliojifunika blanketi, vichwa vimenyolewa. Nilidhani Mzee Gwandu amekuja kudai nafasi yake, nikashika godoro. Wale wanaume walirudi nyuma kuwapisha. Walikuwa Mama Tluway na wanawe wawili.

"Mimi na gari hili tuko kwenye msiba mmoja," alisema, akiwatazama majirani zake. "Nani ataniambia nisiliguse?"

Kilio huanza mfiwa. Aliegemeza bega, wanawe wakafuata, na uso wake ukawa karibu na wangu kiasi cha kusikia pumzi yake. Mkono wake mmoja ulikaa kwenye bati lile alipokuwa ameegemea mumewe. Gari lilitikisika, likatoka. Baba aliruka chini akamnyooshea mkono wa shukrani. Mama Tluway akaificha mikono yake nyuma.

"Bado," alisema. "Nenda."

Mdogo wangu alizaliwa Haydom, akilia kwa nguvu. Siku hizi nanunua vitunguu saumu na kukodi pikapu Dongobesh, na kabla ya bei huwa nauliza gari lilibeba nini mara ya mwisho. Madereva hudhani ni ujanja wa kupunguziwa. Juzi kijana mmoja alinijibu, "Jeneza, mama, lakini gari nimeshaliosha." Akapunguza bei mwenyewe. Vijana wa kupakia hawakusita. Na tukikwama watasukuma wote, kwa malipo. Nilitaka kuuliza aliyebebwa alikuwa nani. Nilipogeuka, magunia yangu yalikuwa yameshapanda yote.