Idara Iliyoanza na Makarani wa Kahawa

Shangazi alinisimulia kisa hiki Jumapili iliyopita baada ya ibada, na bintiye, aliyekuwepo, hakumsahihisha popote.

Yeye na mumewe walikuwa wamempeleka binti huyo chuo kikuu kimoja cha Meru kusomea biashara. Mezani kwa mhadhiri wa idara ilibaki sahihi ya babake tu, bila hiyo hapokelewi. Mzee akafunika kalamu.

"Kwanza niambie, mwalimu. Hii idara ilianzaje?"

Mhadhiri alifurahi kuulizwa. Ilianza na darasa moja, akasema, la makarani wa vyama vya ushirika wa kahawa, ili mkulima apate haki yake.

"Makarani wa mizani?"

"Hao hao, mzee."

Mzee akamtazama mkewe. Kwetu kahawa hupimwa nyumbani kabla ya kupelekwa kiwandani, kwa sababu ikifika huko hupungua kilo hata kama gunia halijatoboka.

"Kumbe ni nyinyi mliowafundisha."

"Baba, tafadhali," binti akanong'ona.

"Tuliwafundisha hesabu na uaminifu," mhadhiri akasema.

"Hesabu waliishika."

Mhadhiri akacheka peke yake. Mzee akafunua kalamu, akatia sahihi polepole, kisha akamgeukia bintiye.

"Soma, mama. Lakini hata wewe ukiwa karani, yangu nitaipima nyumbani kwanza."

Nimeona malengo ya idara kama hizo yametundikwa ukutani, na mkulima hakosi kutajwa. Sasa nayasoma mara mbili.

Mzee yu hai, shangazi na bintiye pia, na mhadhiri bado anafundisha. Kilichokufa ni chama chetu cha ushirika.