Daktari Niliyemfungulia Moyo

Kiwanda chetu cha shaba kilipofungwa, sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi nilivaa salopeti yangu ya kazi, nikamuaga, kisha nikaenda kwa rafiki yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo. Pale tulitazama vichekesho vya televisheni kutoka Sweden, vya mwanasaikolojia mmoja mwanamke na wagonjwa wake. Yule mama alinivutia sana! Hata mgonjwa aseme upuuzi gani, alimsikiliza kwa heshima.

Nikasikia kwamba parokiani kuna mwanasaikolojia wa kutusaidia sisi tuliopoteza kazi na familia zetu. Nilikwenda, nikamkuta mama mmoja mwenye miwani na daftari. Nikaketi, nikamwaga yote.

"Docteur, miezi mbili sasa bibi yangu anazani niko kazini."

Alinisikiliza vizuri kuliko hata yule wa televisheni. "Pole, baba. Na moyo yako inasema nini?"

Nikalia kama mtoto. Nilipotulia, akanishika mkono.

"Baba, mi siko docteur. Niko mugonjwa sawa wewe, nangoja zamu."

Hapo mlango wa ndani ukafunguliwa. Mgonjwa aliyetoka, akipangusa machozi, alikuwa mke wangu. Akaitazama salopeti yangu.

"Baba Trésor, kazi yenu imehamia huku?"