Nukta na Bunduki ya Pini

Mdogo wangu wa mwisho tulimwita Nukta tangu anatambaa, kwa udogo wake. Jina la shule alikuwa nalo, ila lilibaki hukohuko shuleni. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokuwa kazini, mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo nikisimulia habari zake, sisimulii za kuokota njiani.

Kazi yake ilikuwa kupiga pini. Watu wanapanda maghorofa, wanacheza muziki humo, wanasogeza makabati, na hawajui wamekanyaga nini. Ni hivi: boriti za chuma zikishapandishwa, mabati hutandikwa juu yake, na kabla zege halijamwagwa, pini nene zenye kichwa kama uyoga husimamishwa kwa safu na kuchomelewa kwenye boriti. Zege likiganda linazikumbatia pini, na pini zimeshika boriti, basi sakafu na chuma vinakuwa mwili mmoja. Pini zisiposhika, sakafu imelala tu juu ya chuma kama shuka juu ya kitanda. Maneno hayo ni yake.

Pini hazichomelewi taratibu kama mtu anayetengeneza geti. Zina bunduki yake. Ina mpini na kifyatuo, mbele ina miguu miwili na mdomo unaobana pini, nyuma ina waya mnene kama mkono wa mtoto, unaokwenda kwenye mashine ya umeme. Chini ya pini inakaa pete ya kauri ya kuzuia chuma kilichoyeyuka kisitawanyike. Unasimamisha bunduki wima, unabonyeza. Bunduki inainua pini kidogo, umeme unawaka katikati, chuma kinakuwa uji, halafu springi inaikita pini ndani ya uji huo. Kufumba na kufumbua, imekwisha. Ila ndani ya kufumba na kufumbua huko, mkono hautakiwi kusogea hata unywele.

Nukta alikuwa na mkono huo. Ujana wake wote na nusu ya utu uzima wake aliutumia ameinama juu ya boriti, jua mgongoni, moto chini ya pua. Alikuwa akirudi nyumbani anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, hana hata nguvu ya kuvivua. Mke wake, wifi yangu, alivivua yeye. Nami sikuwa na haki ya kumcheka, maana nilishona sare za shule mpaka mgongo wangu ukachukua umbo la kiti.

Asubuhi alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyemharakisha. Kwanza anaswaki mdomo wa bunduki kwa brashi ya waya, kutoa matone ya chuma yaliyoganda jana. Mdomo ukilegea anautupa, anaweka mwingine, maana pini ikicheza mdomoni umeme unaula mdomo wenyewe. Kisha anaangalia pini imechungulia kiasi gani nje ya pete. Iwe kidogo tu, kama ulimi wa mtoto mtundu. Halafu anakwenda kwenye koleo la athi, lile linalorudisha umeme, anakwangua rangi na kutu mpaka boriti ing'ae ndipo anabana. Mwisho anapiga pini za majaribio kwenye kipande cha chuma na kuzigonga nyundo mpaka zilale ubavu. Zikipinda bila kupasuka mguuni, kazi inaanza. Ikipasuka hata moja, anarudi mwanzo.

Mwaka ule walipokuwa wanajenga jengo la hospitali, pini zake zikaanza kukatika.

Si zote. Moja hapa, mbili pale. Pini nzuri huzungukwa mguuni na ukosi wa chuma, umejaa pande zote kama ukosi wa shati lililopigwa pasi. Zake zikawa na ukosi upande mmoja, upande wa pili wazi. Akasema ni mdomo, akabadilisha. Akasema ni athi, akaihamishia katikati ya boriti, akaongeza koleo la pili ng'ambo. Akasema ni springi. Akasema pete zimenyonya unyevu, akazibeba nyumbani kuzikausha. Wifi yangu akafungua jiko la kuokea mikate, akakuta trei imejaa pete za kauri. Akaja kwangu uso mkavu.

"Wifi," akasema, "hivi vya mdogo wako vinaiva kwa muda gani? Nisije nikavitoa vibichi."

Tulicheka siku ile. Nukta hakucheka.

Kazini, fomani wake alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na miiba. "Mchagua jembe si mkulima," alimwambia mbele ya watu. Lakini Nukta ni mtu ambaye neno lake lilikuwa halijawahi kurudi. Aliposema kwa mara ya tatu kwamba bunduki imezeeka, fomani akaamini, akaagiza mpya. Ikasemwa itafika Jumatatu, na zege litamwagwa katikati ya wiki hiyo.

Jumamosi mchana Nukta akaja kwangu na bunduki ya zamani kwenye mfuko wa turubai. Alipenda kuisafishia kwangu, kwa sababu meza yangu ya kushonea iko dirishani na nina bisibisi ndogondogo za cherehani.

"Sasa unaisafisha ya nini, na mpya inakuja keshokutwa?" nikamuuliza.

"Mazoea, dada."

"Ulililia bunduki mpya mwezi mzima. Imekubaliwa, umekuja na sura ya msiba."

"Nimechoka tu."

Nikaona amechoka kweli. Shingo ilikuwa imeingia mabegani. Akatandaza gazeti, akafungua bunduki, akatoa mpira wa mbele unaozuia vumbi, akaufuta ndani na nje. Nikamsogezea chupa yangu ya mafuta ya cherehani.

"Huku mdomoni mafuta hayaingii, dada. Yanakuwa moshi, chuma kinakuwa na vitundu kama mkate."

"Haya, fundi. Nilidhani chuma ni chuma."

Akafuta, akapanga vipande, akaanza kurudishia. Kuna skrubu ndogo inayokaza mguu wa mbele. Akaichukua kwa vidole viwili, akailenga tundu. Ikagonga pembeni, ikaanguka kwenye gazeti. Akaichukua tena. Ikaanguka tena. Mara ya tatu ikabingirika chini ya cherehani, nami nikainama kuitafuta, kwa magoti haya. Nilipoinuka nayo, mkono wake ulikuwa bado umebaki hewani pale juu ya tundu, unatikisika kama jani dogo lenye upepo wake peke yake.

Akauweka mapajani, akaufunika na mwingine.

"Macho," akasema. "Nahitaji miwani."

"Macho hayatikisi vidole, Nukta."

Nikaikaza ile skrubu mimi mwenyewe. Kwangu ilikuwa kama ya sindano ya cherehani tu. Nikakaa.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo. Kikombe ndicho kilichoanza kutikisika."

"Mkeo anajua?"

"Anadhani nimechoka. Nami ni kweli nimechoka, sijamdanganya."

Hapo nikaelewa ile sura ya msiba. Bunduki mpya ikifika na pini zikakatika vilevile, hakutabaki kitu cha kulaumu ila yeye. Na asipokuwa mpiga pini, Nukta ni nani? Hana kazi nyingine anayoijua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alikuwa amemwandalia muumbuzi wake hata siku ya kufika, Jumatatu.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "zile pini ulizokwisha kupiga, zenye ukosi wa upande mmoja, ziko wapi?"

"Nilizoziona mbaya nilizikata."

"Na ambazo hukuziona?"

Akatazama dirishani. "Upande wa ngazi," akasema. "Nilipiga jioni jioni, mkono ulikuwa umechoka zaidi."

"Na zege linamwagwa wiki ijayo."

"Najua zege linamwagwa lini, dada. Mimi ndiye niko kule."

"Basi sikufundishi. Mimi nimeshona sare tu. Sare ikifumuka, mtoto anachekwa, anarudi nyumbani. Hapo kwenu juu watalazwa wagonjwa."

Alikusanya vitu vyake bila kuaga vizuri. Nilidhani amekasirika. Yaliyofuata nimesimuliwa na mwenzake wa kazi, mama mmoja waliyemwita Mama Pete, kwa sababu kazi yake ilikuwa kumtangulia Nukta akipanga pete na pini juu ya boriti. Amefanya kazi na Nukta miaka mingi, wakitukanana kwa mapenzi.

Jumatatu, bunduki mpya ilikuwa imefika, iko ndani ya sanduku lake, haijafunguliwa. Nukta hakuitazama. Aliiandaa ya zamani kama kawaida: mdomo, pete, koleo la athi. Alipomaliza akamnyooshea Mama Pete mpini.

"Leo piga wewe."

"Mimi? Umeamka vibaya?"

"Piga. Simama juu yake, usiiegemee. Ikishalia, hesabu pumzi moja ndipo uinue, uivute wima, usiipindue."

"Naijua, Nukta. Nimekuangalia mpaka macho yamechoka."

Akapiga kwenye kipande cha majaribio. Nukta akavunja pete kwa ncha ya nyundo, akainama. Ukosi ulikuwa umejaa pande zote. Akaanza kuigonga. Mama Pete anasema aligonga kama mtu mwenye ugomvi nayo, alitaka ikatike. Pini ikalala ubavu, mguu mzima, hata ufa wa unywele haukuwapo. "Nyingine," akasema. Nayo ikalala. Kisha akachukua bunduki ileile yeye mwenyewe, hakubadilisha kitu, akapiga ya tatu. Alipoigonga, ikaruka pigo la kwanza, ikalia kwenye mabati mpaka ukingoni.

Mama Pete akaifuata, akaiokota kwa glavu. 

Nukta akaenda kwa fomani.

"Usifungue sanduku. Bunduki ni nzima."

"Mwezi mzima unanitia kichwa moto na bunduki. Sasa nzima?"

"Nzima."

"Basi ugonjwa uko wapi?"

Nukta akavua glavu, akanyoosha mkono mbele yake. Fomani akautazama, akautazama tena. Mtu wa miiba, lakini siku ile akatafuta pa kuweka macho.

"Ungeniambia kabla sijaagiza," akasema mwishoni.

"Kweli, ningekuambia mapema. Na safu zote za upande wa ngazi zigongwe upya, moja moja, kabla ya zege."

"Unajua ni pini ngapi hizo?"

"Nimezipiga mimi. Nitazigonga mimi. Nyundo haihitaji mkono uliotulia."

Akazigonga. Siku ile na iliyofuata, amepiga magoti, jua mgongoni kama zamani zote. Nyingi zilipinda zikashika. Baadhi ziliruka. Kila iliyoruka alichora duara la chaki kuzunguka mahali pake, akapasaga hapo kati mpaka chuma king'ae, akasogea kwa magoti kwenda inayofuata. Jioni ya siku ya kwanza hakuweza kunyooka, wajenzi wawili walimshika kwapa wakamsimamisha, na mmoja akamwambia, "Mzee, umekuwa herufi." Akajibu kwamba nukta pia ni ya kwenye maandishi.

Siku ya tatu Mama Pete akafuata alama za chaki na bunduki. Nukta alimwandalia mdomo na athi, kisha akawa anamfuata nyuma, kila pini anainama kuchungulia ukosi kabla hata haujapoa. Alifanya hivyo kwenye safu ya kwanza, Mama Pete akavumilia. Kwenye safu ya pili akainua uso, jasho linamdondoka puani.

"Nukta."

"Eeh."

"Imezunguka?"

"Imezunguka."

"Na ile ya nyuma yake?"

"Nayo."

"Basi sogea, unanitia kivuli."

Akasogea. Akaenda kukaa juu ya sanduku la ile bunduki mpya, mikono mapajani, hakuufunika ule unaotikisika, akawa anasikiliza bunduki ikilia mbele yake, pini moja baada ya nyingine.