Mzee Semboja na Kiti cha Mbele

Kila mwaka, akishamaliza kuvuna mahindi yake kule Sindeni, Mzee Semboja hufunga nguo mbili na blanketi, hupanda basi Korogwe na kwenda kaskazini, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kuvua wiki za mwisho kabla uvuvi haujafungwa. Kwa miaka ishirini na mbili amekaa mbele ya mtumbwi, mahali pa mtega nyavu. Nyuma, kwenye kasia, hukaa Castory wa Korogwe, ambaye babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, asirudi.

Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine.

"Hujafa tu?" Castory humuuliza akimpokea mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa.

"Nakusubiri wewe utangulie, nikale ubwabwa wa msiba wako."

Mwaka huu Castory alimpokea mfuko, akasema, "Shikamoo, mzee."

Semboja aliitikia marahaba, akamfuata mtumbwini.

Sababu ya utani kukoma aliijua. Mwisho wa msimu maji hupungua, na visiki vya miti iliyozama husogea karibu na uso. Mtu wa mbele ndiye wa kuviona. Mwaka jana Semboja hakuviona, wakapoteza nyavu mbili. Macho yake yameingia ukungu, na nyumbani hajamwambia mtu.

Siku tatu walivua perege bila utani. Kabla Semboja hajafungua mdomo kuelekeza, Castory alikuwa ameshakata kona. Jioni Castory alimwekea kichwa cha samaki, akamnawisha mikono kama mgeni.

Siku ya nne, asubuhi, wavu ulinasa kwenye kisiki. Castory alikuja mbele akaunasua taratibu.

"Sema," Semboja alimwambia.

"Niseme nini, mzee?"

"Usiniite mzee. Mke wangu akiniambia sioni, nitagomba. Wanangu wakiniambia, nitasusa chakula. Wewe tu ndiye siruhusiwi kukukasirikia. Sasa na wewe umenyamaza, nani ataniambia?"

Castory alikung'uta majani yaliyonasa kwenye wavu, moja moja.

"Nikisema, mwakani huji."

"Sema hivyo hivyo."

Castory alivuta pumzi. "Mzigua wewe. Ndege mnandi amekaa juu ya kisiki, amekukodolea macho, na wewe unamtegea wavu miguuni. Hata yeye amekuonea huruma. Umekuwa kipofu. Toka hapo mbele kabla hujatuzamisha."

Semboja alicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Kicheko kilipoisha aliinamisha kichwa, akaukusanya wavu uliolowa miguuni pake.

Kisha mzee alishika kingo za mtumbwi, akatambaa kwenda nyuma. Walipopishana, Castory alimshika kiuno asianguke. Semboja aliketi, akapapasa chini mpaka akalipata kasia.

"Nguvu bado ninazo," alisema. "Ila uniongoze vizuri. Mnyamwezi hujui maji, unajua kubeba mizigo tu."

"Piga kasia, acha maneno."

Mtumbwi ulisogea. Mbele yao visiki vilikuwa vingi. Castory alinyoosha mkono kumwonyesha njia, akakumbuka, akaushusha.

"Kulia," alisema. "Kulia tena. Hapo hapo, nenda."