Hatua za Babu Gregori
Baba yangu, Albano, alikuwa mchongaji wa vinyago Temeke, na alichonga bila kutazama. Alikaa chini, akabana kipande cha mpingo kwa nyayo zake mbili, akapiga tezo huku akibishana na wapita njia. Chuma kilipita karibu kabisa na vidole vya miguu. Mimi nilikuwa nafumba macho, yeye anacheka. Alisema miguu yake inajua ilipo, haingoji kuulizwa.

Mwaka 1951 miguu ikaacha kujua. Akawa anatembea kaitanua, kama mtoto anayejifunza kusimama. Akifumba macho anawe uso, anaanguka. Tezo ilipomkata kidole, akaenda hospitali. Daktari akamweleza kuwa kuna mishipa ya fahamu inayopanda kutoka miguuni, kupitia uti wa mgongo, mpaka ubongo mdogo ulio kisogoni. Hiyo hupeleka habari za mguu ulipo, na mwenyewe hata hana habari. Yake ilikuwa inakufa. Akamuuliza kama kuna mwingine kwao aliyetembea hivyo.

 Baba alirudi nyumbani, akawa anasikiliza hatua zake mwenyewe uani, moja nzito, moja ya kuburuta.

"Huyu si mie," aliniambia. "Huyu babu yako Gregori. Kanifuata."



Babu alikuwa mpiga kengele wa misheni huko kusini. Alipoanza kuyumba, wakasema anakunywa divai ya altare. Baba, wakati huo kijana aliyemposa mama, akaambiwa amnuse mzazi wake mdomo mbele ya watu. Hakusikia harufu yoyote. Lakini akisema hivyo, ukoo utaitwa wa wagonjwa, na nani atampa binti? Akasema, "Ananuka." Babu akafukuzwa kanisani, akafa bila sakramenti.

Haya alinisimulia Jumamosi. Jumapili alikuwa anakuja mshenga wa kina Kornelio kuniposa, na Kornelio nilimpenda hasa.

Mshenga aliingia wakati baba anaparamia mlango. Akakunja uso.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, Adelina. Mwanangu, sie mlevi hatuna neno naye, ulevi unaachika. Maradhi ya ukoo ndiyo hatuyataki. Niambie ukweli, baba yako kanywa?"

Baba alinitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu, ananiomba nikubali. Machozi yalikuwa yamemjaa. Nilimchukia kwa huruma ile aliyonionea.

Nikamsogelea, nikamnusa mdomo. Tumbaku na muhogo wa kuchoma tu.

"Hanuki," nikasema. "Baba mgonjwa. Na babu alikuwa mgonjwa."

Mshenga akachukua kofia yake. Hakurudi.

Baba alilia mpaka jioni. Baada ya hapo, kila aliposikia hatua zake uani, alisimama akashika ukuta na kusema, "Shikamoo, baba."

Nami leo asubuhi, miaka mingi tangu tumzike, nilipofumba macho ninawe uso, nilishika ukuta. Nikamwamkia baba.